Moshi wa Missoula: kifua kikibana, usingoje asubuhi

Agosti ikielekea mwisho hapa Missoula, Montana, misitu inaungua milimani, joto linapanda, na jioni mawingu ya radi yanajikusanya. Familia nyingi za Kongo zilizohamia bonde hili huniuliza maswali yaleyale kila mwaka.

Tumepikia kuni maisha yetu yote. Moshi huu utatufanya nini?

Kuni hazikukuzoesha, mama, zilikuumiza taratibu. Moshi wa msitu una chembe ndogo kuliko mikromita 2.5. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi vilindini mwa mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Na jikoni ulikuwa unatoka nje kupunga hewa. Huu uko nje kwenyewe, mchana na usiku, pengine wiki nzima. Watoto, wajawazito, wazee, wenye pumu na wenye ugonjwa wa moyo ndio unaowaangusha kwanza.

Mtoto wangu ana pumu, kifua kimembana saa nane usiku. Ningoje kukuche, moshi upungue?

Hapana. Tuko bondeni. Usiku hewa baridi hutuama chini, hewa ya joto ikaifunika kwa juu kama kifuniko cha sufuria, na moshi ukanaswa humo tunamolala. Mara nyingi alfajiri ndipo unapokuwa mzito kupita wakati wote. Hupungua mchana, jua likishapasha ardhi. Kwa hiyo anayengoja asubuhi anamngojea mtoto moshi mbaya zaidi.

Mtazame mtoto. Akivuta pumzi, ngozi inabonyea katikati ya mbavu? Pua zinatanuka? Hawezi kumaliza sentensi, au mtoto mchanga hawezi kunyonya? Midomo au ufizi umekuwa wa kijivu? Mpe inhela yake kama alivyoelekezwa na daktari, na upige 911, namba ya dharura, palepale. Ile filimbi ya kifuani ikinyamaza huku mtoto amelegea, msishukuru: hewa haipiti tena.

Si nimpe maziwa kwanza yasafishe kifua?

Maziwa yanakwenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu, hayajawahi kufika. Nawasihi, acheni. Tunaletewa watoto waliokunywa maziwa, wakafukizwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, wakapakwa dawa ya kuchua, na saa nne zimekwisha kupita. Kufukiza hakufungui mirija iliyobana kwa pumu, na maji ya moto yameunguza watoto wengi.

Tunaogopa bili.

Naielewa hofu hiyo, na bili zipo kweli. Lakini tangu 1986 sheria ya Marekani inazitaka idara za dharura za hospitali kumpima kila anayekuja na kumtuliza aliye hatarini, awe na pesa au hana. Mkalimani ni bure. Sema tu "Swahili". Bili inazungumzika baadaye.

Nyumbani tufanyeje?

Angalieni rangi ya hewa kwenye AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani inayoonyesha uchafu wa hewa: ikifika nyekundu, yaani kipimo cha 151 na kuendelea, watoto wasicheze nje. Fungeni madirisha. Msichome ubani, msikaange, msivute sigara ndani. Barakoa ya kitambaa au kitenge puani havizuii chembe hizi. Inayofaa ni N95, barakoa ya kuchuja chembe ndogo, iliyobana uso vizuri.

Nyumba ikigeuka tanuri na hamna kiyoyozi, nendeni maktaba au dukani penye hewa baridi. Aliyechanganyikiwa kwa joto ni wa 911 pia. Mloweshe maji na kumpepea mkingoja.

Na radi?

Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo au gari lenye bati juu. Usijikinge chini ya mti. Kaa humo dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Radi kavu, isiyo na mvua, huwasha moto mpya, kwa hiyo kesho yake kagueni tena rangi ya hewa.

Mtoto alipata nafuu kwa inhela, kisha kifua kikarudi. Tumpe tena tulale?

Mpe, lakini msilale. Akiihitaji tena kabla ya muda wa saa nne kupita tangu alipoitumia, anatakiwa hospitali usiku huohuo. Si asubuhi.