Je, wajua fizikia inawezaje kutambua fundo la kamba?

Chukua kamba yoyote ya mashua pale Feri, Dar es Salaam, uipige fundo, kisha uunganishe ncha zake mbili. Hilo ndilo fundo la wanahisabati: huwezi kulifungua bila kuikata kamba. Sasa, ukipewa mafundo mawili yaliyovurugika, utajuaje kama ni lile lile moja? Macho hayatoshi. Mwaka 1974 Kenneth Perko, mwanasheria wa New York, alionyesha kuwa mafundo mawili yaliyoorodheshwa kama tofauti tangu karne ya 19 yalikuwa fundo moja.

Ndiyo maana kila fundo hupewa polinomia yake, yaani jumla ya vipeo vya herufi moja, inayokokotolewa kutoka mchoro wa fundo. Polinomia zikitofautiana, mafundo ni tofauti. Ile ya mwanahisabati Alexander, ya mwaka 1928, haikuweza kutenganisha fundo la mipishano mitatu (mahali kamba inapopita juu yake yenyewe) na sura yake ya kwenye kioo. Mwaka 1984 mwanahisabati Vaughan Jones wa New Zealand alipata inayoweza: moja hutoa t + t³ − t⁴, nyingine t⁻¹ + t⁻³ − t⁻⁴.

Fizikia inaingia wapi? Mwanahisabati Louis Kauffman alirahisisha hesabu hiyo hivi: kila mahali kamba inapopishana, ikate na uiunge upya kwa mojawapo ya njia mbili, ili mpishano utoweke. Njia ya kwanza ipe uzito A, ya pili 1/A. Mwishoni hubaki vitanzi vitupu, na kila kitanzi kinachozidi kimoja huzidisha kwa −A² − A⁻². Jumlisha matokeo yote, rekebisha kidogo kwa misokoto ya kamba, weka t = A⁻⁴, basi. Kila mchanganyiko wa njia hizo huitwa hali, na mipishano mitatu ina hali 8 tu. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye subira anaweza kuzimaliza kwa penseli.

Kujumlisha hali zote kwa uzito wake ni kazi ya kila siku ya wanafizikia wa joto, wanaotaka kujua chembe nyingi zitakaaje kwa pamoja. Algebra aliyoitumia Jones ilikuwa imekwisha kuonekana kwa wanafizikia Temperley na Lieb mwaka 1971, katika modeli za namna hiyo. Tena kuna mlingano wa wanafizikia Yang na Baxter: chembe tatu zikigongana mbilimbili, mpangilio wa migongano haubadilishi matokeo. Ichore mienendo yao, utaona uzi mmoja ukiteleza juu ya mahali nyuzi nyingine mbili zinapopishana. Kwa fundo, mtelezo huo haubadilishi kitu. Kwangu hapo ndipo penye utamu wote: sharti ni moja, la chembe na la kamba.

Ugumu ni wingi. Mipishano 20 ina hali 1,048,576, na kila mpishano unaoongezeka huzidisha mara mbili. Wanafizikia hukwepa sehemu ya mzigo huo kwa kuupitia mchoro ukanda kwa ukanda, wakikumbuka tu nyuzi zilizo wazi ukingoni, kwa hiyo fundo refu lakini jembamba huhesabika upesi.