Saa ya "franken" ni nini, na tangazo la gazeti linaingiaje hapo

Ukianza kufuatilia saa za zamani za kupigia mbizi, siku si nyingi utasikia mtu anaambiwa "hiyo franken hiyo". Maana yake saa imeungwaungwa: mashine ya mwaka fulani, uso wa modeli nyingine, mishale kaweka fundi, ile pete ya nje inayozunguka imeagizwa mtandaoni juzi. Jina wamelitoa kwa lile jitu la Frankenstein. Feki ni kitu kingine, franken inaweza kuwa na vipande vya kiwandani vitupu ila havikutoka kiwandani pamoja, na bei yake na ya orijino ni mbingu na ardhi.

Saa za mbizi ndo zinaongoza kwa hili kwa sababu zilikuwa vifaa vya kazi, watu waliingia nazo baharini kweli, kioo kinapasuka, pete inang'oka, maji ya chumvi yanapenya yanakula mishale, inapelekwa kwa fundi naye anapachika spea aliyonayo mezani. Nani angejua kuna siku watu watagombania ile mishale ya kwanza?

Mfano Seiko 6309, iliyotengenezwa 1976 mpaka 1988, hii imechezewa sana. Igeuze usome namba ya serial nyuma: tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka, ya pili mwezi, kwa hiyo ikianza na 83 ni Machi 1978 au Machi 1988, hapo itabidi uangalie na mengine. Halafu kwenye uso, chini kabisa ukingoni karibu na namba 6, kuna viandishi vidogo vya modeli, bila lenzi huvioni. Vikiwa vya modeli tofauti na iliyoandikwa kwenye mfuniko wa nyuma, jua kuna mkono umepita.

Za Uswisi angalia rangi inayong'aa gizani. Nyingi kuanzia miaka ya 1960 zina herufi T pembeni ya neno SWISS, yaani tritiamu, kitu chenye mionzi kinachofanya rangi ing'ae, na nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu. Sasa mtu anakwambia haijaguswa tangu 1968 na inawaka usiku kucha, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Matangazo ndo yanaingia hapa. Ukurasa wa gazeti la mbizi kama Skin Diver la Marekani unakuonyesha saa ilivyouzwa ikiwa mpya, mkanda gani, mishale ya umbo gani. Doxa SUB 300 ya 1967, ile maarufu yenye uso wa chungwa, pete yake ina safu mbili, dakika na kina kwa futi, mpiga mbizi ajue atakaa chini muda gani bila kulazimika kusimamasimama akipanda. Ukiletewa yenye dakika tu, tangazo linamaliza ubishi.

Ila usiliamini kama msahafu. Mengine yamechorwa kwa mkono, mengine yamepigwa picha saa ya majaribio, na kampuni zilirudia picha ileile miaka hata kama saa ishabadilishwa. Tafuta mawili matatu ya miaka tofauti ulinganishe. Na kama pesa inaruhusu nunua gazeti zima, hawa wanaochana kurasa wauze mojamoja wananikera kweli, tarehe inabaki kwenye jalada halafu muuzaji anakuandikia mwaka anaoutaka yeye.