"Akioa ataacha"

Barazani Lamu, baada ya swala ya isha, kuna neno limezoeleka: kijana anayetazama picha za ngono kwenye simu "akioa ataacha." Si kweli, na neno hili limewaumiza wengi.

Ndoa haifuti mazoea. Aliyezoea kwa miaka kusisimka peke yake mbele ya simu, kila mara akitafuta video mpya, huingia nayo chumbani. Wapo wanaume wanaojikuta hawana hamu na wake zao, au wanaomlinganisha mke na mwigizaji anayelipwa. Mke naye hujilaumu bure. Si kila anayetazama hufika huko, lakini baadhi ya wanaofika ni wagonjwa kweli: Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kushindwa kudhibiti tabia za kingono katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, na utazamaji huu ni mojawapo ya sura zake. Wataalamu bado wanabishana kama uitwe uraibu.

Mbona hatuoni? Unga, yaani heroini, tunauona: mtu hukonda, huiba hata sufuria za mamake. Simu haina harufu. Na haya yetu, ambayo ni njema, hutufunga midomo. Somo, yule kungwi, humfunza bi harusi mambo ya ndoa. Bwana harusi hufunzwa na nani? Simu imeikuta nafasi hiyo tupu, ikakaa. Humo mvulana hufunzwa kwamba mwanamke hakatai.

Anayetaka kuacha amwambie mtu mmoja anayemwamini, au mshauri nasaha hospitalini. Na usiku simu ilale sebuleni.