Kabla Hujafungua Bolti ya Sampu

Mwalimu mmoja wa skuli, ambaye Toyota IST yake naihudumia tangu iliposhushwa bandarini, alisimama pembeni ya banda langu hapa Mwanakwerekwe, Unguja, akinitazama ninavyomwaga oili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kunikosesha riziki: "Fundi, hivi kazi hii mimi siwezi kuifanya nyumbani?" Nilimjibu kwamba anaweza, ila si kila kazi ya injini inayoonekana nyepesi ni ya kujifanyia, na kwamba zipo nyengine ambazo hata akiziweza ningemwomba asiziguse.

Wengi hudhani kinachotenganisha kazi ya mwenye gari na kazi ya fundi ni ugumu wake. Mimi hutazama jambo jengine: ukikosea, kosa lako litajulikana lini? Likijulikana gari lingali uani, kazi hiyo ijaribu bila hofu. Likiwa ni kosa la kujificha mpaka uwe katikati ya safari ya Nungwi, au mpaka miezi sita ipite, basi mpe mtu ambaye amekwisha kulikosea kosa hilo na kulilipia.

Chujio la hewa halina mjadala. Ukilifunga vibaya utaliona. Vichwa vya betri navyo, ambavyo kwa hewa yetu ya chumvi huota unga mweupe wenye ukijani, ni kazi ya robo saa, mradi ufungue waya wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isitoe cheche.

Kwenye oili ndiko kwenye maneno. Kazi yenyewe ni nyepesi: injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST za sisi 1,500, hupokea takriban lita 3.7 pamoja na chujio jipya, na bolti yake ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hufunguliwa kwa spana namba 14. Lakini chini ya gari hilo hilo ipo bolti nyengine, ya gia, na nimeletewa zaidi ya gari moja ambalo mwenyewe alimwaga mafuta ya gia akidhani ni oili, kisha akaongeza lita zote za oili mpya juu ya oili kuukuu iliyokuwa bado imo ndani. Injini iliwaka, gari likaondoka, na dalili ya kwanza ikawa gia zinazoteleza. Mafuta ya gia yakiwa mapya huwa mekundu, na hata yakichakaa mara nyingi hayafanani na weusi wa oili ya injini. Kwa hiyo kikianza kutoka kitu ambacho si cheusi, rudisha bolti mara moja ukafikiri upya.

Na mimi sijasalimika. Katika mwaka wa kwanza wa banda hili nilifungua chujio kuukuu la oili bila kugundua kwamba mpira wake umebaki umeganda kwenye injini, nikafunga jipya juu yake, mipira miwili ikakaa mahali pa mmoja. Niliwasha kwa sekunde chache, nikaona chini pakavu, nikampa mteja ufunguo. Alipokaribia msitu wa Jozani taa nyekundu ya oili iliwaka, naye, kwa bahati yangu, akazima injini papo hapo. Taa ile haipimi kiasi cha oili bali msukumo wake, kwa hiyo inapowaka hakuna muda wa kutafuta kivuli cha kuegesha. Tangu siku hiyo hupitisha kidole pale chujio linapokaa kabla ya kufunga jipya, huacha injini ingurume dakika tano huku nikichungulia chini kwa tochi, kisha huzima, husubiri oili ishuke na kuipima upya kwa kijiti chake. Kwa kufanya hivyo kosa la njiani hulazimishwa lijitokeze nyumbani, na ndiyo maana nilimruhusu mwalimu.

Nilimwekea sharti moja: asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, na juu ya mchanga wa uani huzama upande mmoja bila taarifa. Anunue stendi mbili za chuma, azikalishe juu ya sakafu ngumu.

Plagi nilimkataza kwa sasa. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini ambamo plagi hufungwa, ni ya alumini, na plagi ikiingizwa kwa upande na kulazimishwa kwa spana hula meno yake, hasara ambayo ni kubwa kuliko bei ya plagi zote nne. Atakayeshikilia kujaribu asubiri injini ipoe kabisa na azungushe mizunguko ya mwanzo kwa vidole.

Maji ya rejeta hudanganya zaidi, kwa kuwa kuongeza maji kila mtu anaweza. Jiwe letu la Unguja ni la matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba chokaa, mengine na chumvi, ambayo huganda taratibu katika njia nyembamba za rejeta; gari litaanza kuchemka muda mrefu baada ya wewe kusahau ndoo uliyotumia. Tia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa, na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa kupatana na mwendo wa pistoni, kwa magari yenye injini kama 5A-FE na 3S-FE, usijaribu uani. Ukikosea jino moja gari linaweza kuwaka na kutembea vibaya bila wewe kujua sababu, na kwa baadhi ya injini valvu hukutana na pistoni. IST ya mwalimu ina mnyororo badala ya mkanda, hivyo hilo halimhusu.

Sasa mwalimu humwaga oili mwenyewe kila kilomita 5,000, na oili chafu huniletea katika dumu, kwa sababu nilimweleza kwamba ikimwagwa juu ya mawe yetu yenye vitundu hushuka mpaka kwenye maji ya visima. Hapa haikai siku nyingi. Wajenzi huja kuiomba, wakapake nguzo zao zisiliwe na mchwa.