Je, wajua kwa nini tableti huitikia ndizi lakini haiitikii kalamu?

Swali lilizuka darasani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, katikati ya zoezi la hesabu, watoto watano wakiinamia tableti moja. Mbona kidole kikigusa kioo zoezi linafunguka, lakini ukucha, kifuniko cha kalamu na kipande cha chaki havifanyi kitu? Nilijibu papo hapo, kwa sauti ya mwalimu asiye na shaka: "Ni joto la kidole."

Kesho yake msichana mmoja akaja na ndizi, kamaramasenge iliyomenywa nusu, yenye baridi ya asubuhi. Akaigusisha kwenye kioo, zoezi likafunguka. Kisha akatoa kifuniko cha kalamu alichokuwa amekiloweka ndani ya chai ya moto, akakifuta vizuri, akakiweka palepale. Kimya.

"Mwalimu, sasa joto liko wapi?"

Halikuwepo, wala halijawahi kuwepo. Ningefikiri kidogo tu ningeligundua mwenyewe. Kama kioo kingesikia joto, jua la saa saba linaloingia dirishani lingebonyeza vitufe vyote kwa mpigo, na mtoto aliyetoka kunawa kwa maji ya baridi asingetambuliwa kabisa. Lakini nilikuwa nimeamini hivyo kwa miaka, na nimewafundisha wengine.

Wapo wenzangu wanaoshikilia jibu jingine: kwamba siri ni kukandamiza. Hao wana udhuru kuliko mimi. Vioo vya zamani vilikuwa kweli na tabaka mbili zenye nafasi ndogo kati yake. Ukibonyeza, la juu linagusa la chini, na hata kijiti cha plastiki kilitosha. Waliozoea vile hadi leo husukuma dole gumba mpaka ukucha unakuwa mweupe, kama karani anayegonga muhuri. Tableti za siku hizi hazipimi nguvu hiyo. Ukiona kukandamiza kumesaidia kidogo, ni kwa sababu ncha ya kidole imetandazika na kufunika eneo kubwa zaidi.

Ukweli wenyewe ni wa ajabu zaidi: kidole hakigusi kitu chochote cha maana. Kinaishia juu ya kioo, na kioo hakipitishi umeme. Kazi iko chini yake, kwenye nyuzi nyembamba zisizoonekana, nyingine za mlalo na nyingine za wima, kama mistari ya daftari la miraba, zikipishana kila baada ya milimita 5 hivi bila kugusana.

Chukulia kila makutano ni pipa la kukingia mvua chini ya paa la mabati. Kompyuta hutuma umeme kidogo kwenye nyuzi za mlalo, mmoja baada ya mwingine: hiyo ndiyo mvua. Kisha hupima kiasi kinachofika kwenye nyuzi za wima: hayo ndiyo mapipa. Asipokuwepo mtu, kila pipa linapata kiasi kilekile cha kawaida. Sasa mtoto wa jirani aje kimyakimya na beseni, akinge pembeni ya mfereji. Pipa lile litapungua. Humwoni mtoto, unaona pengo tu, lakini unajua amesimama wapi. Kidole ndicho beseni.

Ila beseni dogo lingejaa mara moja na kufurika. Kidole hakijai, kwa kuwa nyuma yake kuna mkono, na nyuma ya mkono kuna mwili mzima wa maji na chumvi unaopitisha umeme. Ni beseni lenye mpira unaoelekea bwawani. Ndizi nayo ni maji na chumvichumvi. Ukiishika, inakuwa kidole kirefu. Ukiisogeza kwa kijiti kikavu, mara nyingi kioo hakiioni. Ukucha na plastiki havipitishi umeme, basi hapo hakuna hata beseni. Sindano inapitisha, lakini ncha yake ni ndogo mno kupunguza pipa lolote.

Mapipa yote hupimwa makumi ya mara kwa sekunde. Na kwa kuwa kidole kimoja hupunguza kadhaa kwa pamoja, la katikati sana na ya pembeni kidogo, kompyuta hupiga hesabu ya kitovu na kukipata kwa usahihi kuliko nafasi iliyopo kati ya nyuzi. Mimi hapo huwa natabasamu.

Wazo si jipya: Mwingereza E. A. Johnson alilichapisha mwaka 1965, akiwafikiria waongoza ndege, si watoto wa shule. Nyuzi hizo mara nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, na bati hutoka kwenye madini ya kasiterite, yaleyale yanayochimbwa huku kwetu Kivu, Kalehe na Walikale. Usikimbilie kusema tableti yako ina bati ya Kalehe. Viwandani madini ya nchi nyingi huyeyushwa pamoja.

Siku moja tulichaji kwa jenereta, na tableti ikaanza kufungua mazoezi yenyewe. Watoto wakasema ina mashetani. Chaja mbovu hutikisa umeme wa kifaa kizima, na mapipa yanapandashuka bila beseni lolote kukinga. Tulipochomoa waya, mashetani yakaondoka. Matone ya mvua juu ya kioo huleta vurugu inayofanana na hiyo.

Kuhusu vidole vyangu vyenye vumbi la chaki, ambavyo tableti huvikataa mara kwa mara, nitasema kwa tahadhari tu: huenda ngozi kavu na unga ule vinapunguza eneo linalogusa. Watoto hawana shida hiyo. Mimi nalamba kidole kwanza, kama muuzaji anayehesabu noti chakavu, ndipo nagusa.