Utata si ugumu: tunaposema mstari wa mwisho "ni tata"

Juzi nimelisikia tena. Watu wawili walikuwa wamemaliza kusoma hadithi moja ya mapenzi iliyoishia kwenye msiba. Mmoja akasema, "Mwisho wake ni tata." Mwenzake akamuuliza, tata kivipi? Akajibu, "Sijauelewa." Mazungumzo yakaishia hapo, kana kwamba jibu la pili limelieleza la kwanza.

Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na kila mara linaniuma. Haliniumi kwa ajili ya kamusi tu. Mwandishi aliyefunga hadithi yake kwa mstari tata amemkabidhi msomaji vitu viwili, na msomaji anaondoka akiamini hakupewa hata kimoja.

Maana yenyewe haichukui muda. Utata ni hali ya neno au sentensi kubeba maana mbili au zaidi, zote zikiruhusiwa na maneno yaliyopo. Wengi wetu tulikutana nao kwenye sarufi. "Ameona paa": mnyama, au paa la nyumba? "Tuliitwa na mwalimu": mwalimu ndiye aliyetuita, au sisi na yeye tuliitwa pamoja? Mfano wa kwanza utata wake umo katika neno, wa pili umo katika muundo. Hakuna anayeshindwa kuelewa sentensi hizo. Mtoto wa darasa la nne anazielewa, tena anazielewa zaidi ya mara moja, na hapo ndipo penye jambo.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana naona kosa limeanzia humo. Mzizi ni -tata, na kwao ni kwenye nyuzi, kamba na nywele. Nyuzi zilizosokotana zikawa hazijulikani ipi inaanzia wapi ni nyuzi tata, zimetatana. Ukizifanya ziwe hivyo, umezitatiza au umezitatanisha. Kutoka tatiza tumepata tatizo, ambalo leo tunalitumia kwa kila kero ndogo na kubwa hadi tumesahau kwamba hapo mwanzo lilikuwa uzi. Na kwa kuwa tata na tatizo ni ndugu, watu wanachukua hisia ya tatizo na kuivalisha tata. Wanaposema mstari ni tata, wanakusudia kusema mstari una tatizo, au umewapa tatizo. Undugu wa maneno hauyafanyi yawe na maana moja. Uzi tata haujaharibika wala haujapungua. Kila unywele umo, mzima, kutoka ncha hadi ncha. Kinachokosekana ni nafasi kati ya mmoja na mwingine.

Kuna ndugu wa tatu, naye ndiye anayenishughulisha zaidi: tatua. Kiswahili kina kiambishi kizuri sana cha kurudisha tendo nyuma. Unafunga, unafungua; unaziba, unazibua; unakunja, unakunjua; unatega, unategua. Kwa mpango huohuo kilichotatana hutatuliwa. Lugha yenyewe basi inatutia kishawishi: tukikuta kitu tata, mkono unakwenda kwenye kutatua, kama vile mlango uliofungwa unavyotuita tuufungue. Msomaji anafika mstari wa mwisho, anauona una nyuzi mbili, na anadhani kazi yake ni kuvuta hadi ubaki mmoja. Akishindwa, anasema hajaelewa. Akifaulu, anasema amegundua maana ya kweli, na kila aliyesoma vingine amekosea.

Lakini tatua ina maana nyingine ambayo wengi wameiacha. Kutatua nguo ni kuichana. Nguo iliyotatuka ni nguo iliyoraruka. Neno tunalolitumia kwa kumaliza utata lenyewe ni tata, na maana yake ya pili ni kupasua. Siwezi kuiona sentensi ya mwisho ya hadithi ya mapenzi ikivutwa huku na huku na watu wanaotaka jibu moja bila kuikumbuka maana hiyo.

Nitoe mfano wangu, nioneshe ninachosema. Tuseme kuna hadithi ya wapendanao wawili. Mvulana anaugua kwa muda mrefu, na msichana anamuuguza. Katikati ya hadithi mvulana, kwa uchungu wa ugonjwa, anamwambia, "Wewe hujanifia mimi, unanihurumia tu." Msichana hajibu. Siku tatu za mwisho hali wala halali. Ukurasa mmoja kabla ya mwisho anajishika kifua, mara moja tu, na masimulizi yanaendelea bila kulitaja tena jambo hilo. Usiku unapita. Kisha hadithi inafungwa hivi:

"Kulipokucha, alikuwa amemfia."

Basi, hakuna neno jingine. Tuifuate polepole.

Kiambishi a- hakisemi ni nani. Wala -m- hakisemi. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi hivi, hivyo aliyefia na aliyefiwa wanaweza kubadilishana nafasi bila hata herufi moja kuguswa. Msomaji wa kwanza anasoma: mvulana amekufa, amemwacha msichana. Ndiyo maana iliyo karibu, kwa kuwa mgonjwa ni yeye. Msomaji wa pili anakumbuka njaa, kukesha na ule mkono kifuani, na anasoma kinyume: mgonjwa ameamka na kukuta aliyekuwa akimuuguza ndiye aliyekwenda. Msomaji wa tatu anashika kitenzi. Kumfia mtu ni kufa ukamwacha na msiba wako, lakini pia ni kumpenda mtu mpaka nafsi ikapotea kwake. Mvulana alilitumia neno hilo kwa maana hiyo pale alipolalamika. Kwa msomaji huyu mstari wa mwisho ni jibu la lalamiko: usiku ule msichana amevuka kutoka kwenye huruma na kuingia kwenye mapenzi yenyewe, na huenda hakuna aliyekufa kabla ya jua kutoka.

Hizo ni tatu. Naweza kuzihesabu, na kwa kila moja naweza kuweka kidole mahali pake: hapa ugonjwa, hapa mkono kifuani, hapa lile lalamiko. Je, ipo ya nne? Mtu anaweza kusema aliyekufa ni tabibu. Sarufi haimkatazi. Hadithi inamkataza, kwa sababu tangu mwanzo haikuweka uzi wowote unaomfikisha tabibu kwenye mstari ule. Utata una mipaka, na mipaka yake imeshonwa ndani ya kurasa zilizotangulia. Ndiyo sababu sikubali pia kauli ya upande wa pili, ile ya kusema "mwisho ni tata, kwa hiyo kila mtu na maana yake." Mwenye kusema hivyo amekimbia kazi sawasawa na yule aliyesema hajaelewa. William Empson, mhakiki Mwingereza aliyeandika kitabu kizima juu ya utata mwaka 1930, alizigawa aina zake kuwa 7. Unaweza kuupinga mgawanyo wake, na wengi wameupinga, lakini kule kuhesabu kwenyewe kunafundisha. Utata ni kitu chenye idadi.

Hapa mfasiri ananitia huruma. Akiupeleka mstari huu kwa Kiingereza, lugha itamdai achague kati ya mwanamume na mwanamke kabla hajafika kwenye kitenzi, na akifika kwenye kitenzi itamdai achague tena kati ya kifo na mapenzi. Atakachotoa kitakuwa sentensi sahihi. Uzi mmoja utakuwa mkononi mwake, na mingine chini.

Mambo mengine yanayoitwa utata nitayapitia upesi. Hadithi inayosimama kabla tukio halijatokea, mpenzi yuko kizingitini na mlango haujafunguliwa, ina mwisho wazi. Uzi umekatwa hapo, haujatatana. Fumbo nalo ni kitu kingine: limefumbwa na mtu ili mwingine alifumbue, na lina jibu lake, na ukilipata umemaliza. Halafu kuna mstari kama "Na maisha hayakuwa tena kama zamani." Huo watu huuita tata kwa sababu hausemi lolote kamili. Mimi nauita mstari mlegevu. Hauna maana mbili. Haujafikisha hata moja. Tofauti hii ya mwisho ndiyo ninayoililia zaidi, maana inawapa waandishi wazembe sifa waliyoitolea jasho waandishi makini.

Jasho hilo si maneno tu. Charles Dickens alipomaliza riwaya yake *Great Expectations*, iliyotoka mwaka 1861, alikuwa ameandika mwisho ambao Pip, msimulizi wa riwaya hiyo, na Estella, mwanamke aliyempenda kwa uchungu tangu utotoni, wanakutana kwa muda mfupi na kuachana. Rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, akamshauri aubadilishe. Dickens akaandika mwingine, wakatoka pamoja, mkono kwa mkono. Lakini tazama alivyouhangaikia mstari wa mwisho kabisa. Katika muswada, Pip anasema aliona kwamba hakuna kivuli cha kutengana naye, isipokuwa kutengana kumoja. Kumoja huko ni kifo, na kwa maneno hayo madogo wamehakikishiwa maisha pamoja. Dickens akayafuta. Baadaye akaugusa mstari tena, na katika matoleo yaliyofuata Pip anasema kwamba hakuona kivuli cha kutengana kwingine.

Hakuona. Hilo ndilo fundo. Hasemi kwamba hawakutengana. Anatueleza alichokiona jioni ile, wakati ukungu ukipanda, na huyu ni mtu ambaye riwaya nzima imetuonesha jinsi anavyoona vibaya pale Estella anapohusika. Unaweza kusoma kwamba waliishi pamoja hadi mwisho. Unaweza kusoma kwamba mpenzi amejidanganya mara nyingine. Kila njia ina kurasa nyuma yake, na mwandishi alikuwa na maneno mkononi ya kuifunga mojawapo akaamua kuyatoa. Sidhani kama mtu anayefuta maneno yaliyo wazi na kuacha yenye njia mbili anaweza kuambiwa ameshindwa kujieleza.

Wengine hutaka kulimaliza jambo kwa kumuuliza mwandishi. Akiwa hai na akajibu, tutakuwa tumejua alichokikusudia, na ni vizuri kukijua. Mstari hautabadilika. "Alikuwa amemfia" utaendelea kuwa na viambishi vilevile na kitenzi kilekile, na msomaji wa kesho ambaye hakusikia jibu hilo atakutana na nyuzi zote tatu.

Na kwa nini mapenzi ya msiba ndiyo hasa yanayoupenda utata? Naamini ni kwa sababu aliyefiwa mwenyewe anaishi hivyo. Kwa muda fulani anazishika kauli mbili zisizoweza kuwa kweli pamoja: amekwenda, na yupo. Mstari wenye maana moja ungemlazimisha aiachie mojawapo mapema kuliko moyo wake unavyoweza. Mstari tata unamwacha azishike zote, na unamweka msomaji mahali palepale alipo yeye. Ndiyo maana nahesabu maana, nazitaja, nazionesha zilipofungwa, halafu naziacha zikae. Naweza kupenda moja kuliko nyingine. Katika mfano wangu napenda ile ya tatu, na bado siwezi kuisoma bila kuzisikia mbili za kwanza chini yake.

Basi yule msomaji wa juzi hakuwa mbali na ukweli, na ningependa ajue hivyo. Nilimsikia baadaye akisimulia hadithi ileile kwa mtu mwingine. Alisema, "Mimi nilidhani amerudi, kisha nikadhani anamuota tu, sasa sijui nishike lipi." Ningemrudishia maneno yake kwa mabadiliko madogo: "Mwisho ni tata. Nimeuelewa kwamba amerudi, na nimeuelewa kwamba anamuota." Lile "sijaelewa" angeweza kuliacha kabisa, kwa kuwa alikuwa ameelewa.