Mkono Haujafa: Dhana Potofu Kuhusu Mtetemo wa Misuli Baada ya Kiharusi

Nenda Wete, Pemba, kumkagua mtu aliyepata kiharusi juzi. Jamaa wawili wanamkanda mkono kwa mafuta ya nazi, na jirani aliyesimama mlangoni anasema: "Mkono huo ushakufa."

Haujafa. Msuli ni mzima. Kilichoumia ni ubongo unaouamrisha. Kwa hiyo mashine ya mtetemo, anayowekewa mgonjwa wa kiharusi katika matibabu, haiwekwi "kuamsha nyama". Mtaalamu wa fiziotherapia huiweka juu ya msuli au kano, itetemeke mara 100 hivi kwa sekunde, na mtetemo huo huchokoza vihisio vya ndani ya msuli ambavyo kazi yake ni kuuarifu ubongo kuwa msuli unavutika. Mkono hausogei, lakini habari zake zinafika. Na zina nguvu: mtu mwenye afya yake, akifumba macho na kutetemeshwa kano ya mbele ya kiwiko, atakuapia kuwa mkono unanyooka, kumbe uko palepale juu ya meza.

Wanaosema kapigwa na shetani sibishani nao leo. Kisomo kisomwe, ila mgonjwa awe hospitali.

"Basi nitamnunulia ile mashine ya masaji sokoni Darajani." Usifanye haraka. Kasi, muda na mahala pa kuiweka hupimwa. Kiwiko kikijikunja na kukakamaa, mara nyingine hutetemeshwa msuli wa nyuma ya mkono ili wa mbele ulegee. Na mguu uliovimba, wenye joto na maumivu, usitetemeshwe wala usikandwe kabla daktari hajauona: huenda damu imeganda ndani, ikichomoka ikafika mapafuni inaua. Wa mafuta ya nazi nao wasikie hapo.

"Kadiri unavyowahi ndivyo bora." Kweli nusu. Miezi ya mwanzo ndiyo ubongo hujipanga upya kwa kasi, kwa hiyo kusubiri "apate nguvu kwanza" ni hasara. Lakini jaribio kubwa la AVERT, lililotoa matokeo 2015, liliona kuwa kumwinua mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu tangu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri.

Wala mtetemo peke yake hautoshi. Tafiti zake nyingi ni za wagonjwa wachache, na faida hutafutwa pamoja na mazoezi. Mashine ikishaondolewa, mwekee ungo wa karafuu, achambue makonyo (vijiti vyake) kwa mkono uleule. Zitamwagika. Ziokote, umrudishie.